Wanamuziki wa Mashoto katika Picha za Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukizipitia picha za kale za Ulaya na Marekani kwa jicho la mpiga ala, hukawii kukutana na mtu aliyeshika gitaa kinyume, au mpuliza filimbi ambaye mikono yake imekaa tofauti na unavyofundishwa leo. Baadhi ya watu hao walikuwa wa mashoto kweli. Wengi hawakuwa. Msimamo wangu nausema mapema: kabla ya kuhukumu mkono, jiulize kwanza picha ilitengenezwaje na ala iliundwaje. Ukishayaondoa yanayoelezeka kwa njia hizo mbili, wanaobaki ni wachache, nao wanastahili kutazamwa kwa heshima.

Mwanamuziki wa mashoto ni yupi hasa, ikiwa mikono yote miwili inafanya kazi?

Kwa ala za nyuzi zenye shingo, desturi ni hii: mkono wa kushoto unabonyeza nyuzi shingoni, mkono wa kulia unazipiga au unavuta upinde. Ndivyo ilivyo kwa udi wa taarabu, na ndivyo ilivyo kwa luti, ala ya Ulaya iliyozaliwa na udi baada ya Waarabu kuufikisha Hispania na Sisilia. Anayegeuza mpango huo ndiye tunayemwita wa mashoto. Kwa filimbi, zumari na kinubi mambo ni tofauti kabisa, na huko ndiko watu wengi wanakopotea.

Ni picha gani inayotajwa zaidi?

Ni "Mwimbaji wa Kihispania" ya mchoraji Mfaransa Édouard Manet, aliyoichora mwaka 1860. Leo iko Metropolitan Museum of Art, New York. Mwanamume ameketi kwenye benchi, amevaa kofia nyeusi na kizibao kifupi, kinywa wazi katikati ya wimbo. Shingo ya gitaa inaelekea upande wa kushoto wa mtazamaji, maana yake mkono wa kulia ndio unaoshika nyuzi na wa kushoto ndio unaozipiga. Lakini nyuzi zenyewe zimepangwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia. Yaani gitaa limegeuzwa tu, nyuzi hazikuhamishwa.

Picha hiyo ilionyeshwa kwenye Salon ya Paris mwaka 1861, ikapata sifa rasmi ya waamuzi, na mshairi Théophile Gautier akaisifu gazetini. Ilikuwa mara ya kwanza Manet kukubaliwa katika maonyesho hayo. Jambo la kukumbuka ni kwamba Manet alikuwa hajakanyaga Hispania. Alisafiri huko mwaka 1865. Aliyeketi mbele yake alikuwa kielelezo, yaani mtu wa kukaa achorwe, ndani ya chumba chake cha kazi jijini Paris, akiwa amevishwa mavazi ya mchoraji mwenyewe. Ndiyo maana kizibao na kofia vinaonekana tena mwaka 1862, safari hii vimevaliwa na Victorine Meurent katika picha yake akiwa amevaa kama mpigana na mafahali.

Basi Manet alikosea?

Wengi husema hivyo: mtu hawezi kupiga gitaa lenye nyuzi zilizopinduka, kwa hiyo mchoraji hakujua muziki au hakujali. Nusu ya pili naweza kuikubali. Manet alipenda rangi, mwanga na umbo la mtu; hakuwa anaandika kitabu cha mafunzo ya gitaa.

Nusu ya kwanza siikubali hata kidogo. Elizabeth Cotten, mwanamke wa Carolina Kaskazini aliyefariki mwaka 1987, alipiga gitaa namna hiyohiyo. Alikuwa wa mashoto, akalishika gitaa la kawaida kwa kuligeuza, na hakubadili nyuzi. Vidole vyake vilipiga nyuzi nene na kidole gumba kikabeba sauti ya wimbo, kinyume cha wapigaji wengine, na mtindo huo ukawa na sifa yake yenyewe miongoni mwa wapigaji wa muziki wa asili wa Marekani. Albert King alifanya vivyo hivyo kwa gitaa la umeme. Jimi Hendrix alichukua njia nyingine: aligeuza gitaa la mkono wa kulia, kisha akazihamisha nyuzi zikae mahali pake. Kwa hiyo gitaa la yule Mhispania wa Manet linapigika. Kama kielelezo alikuwa mpigaji au la, hilo ni swali jingine, lakini anayesema haiwezekani hajamsikia Bi. Cotten.

Kuna picha ambayo mchoraji alikusudia kabisa kumwonyesha mtu wa mashoto?

Ipo, na kwangu ndiyo picha muhimu kuliko zote katika mada hii. Inaitwa Right and Left (Kulia na Kushoto), ya mchoraji wa Marekani William Sidney Mount, mwaka 1850. Iko Long Island Museum, katika mji wa Stony Brook, jimbo la New York. Inamwonyesha mwanamume Mweusi aliyevaa nadhifu, fidla imeegemea upande wake wa kulia na upinde uko mkono wa kushoto. Jina la picha ni amri inayotolewa na mwongozaji wa densi za vijijini kwa wachezaji wanaopishana mikono, ya kulia kisha ya kushoto. Mount alijua anachokifanya: jina linaita densi, na papo hapo linaita jicho lako litazame mikono ya mpigaji.

Huwezi kumwambia Mount kwamba hakujua fidla inashikwaje. Alikuwa mpiga fidla mwenyewe, akikusanya na kuandika nyimbo za densi kwa noti, na mwaka 1852 alipata hataza ya fidla aliyoibuni, yenye mgongo uliobonyea kwa ndani. Alizaliwa Setauket, Long Island, mwaka 1807, wakati utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo hilo. Ulifikia mwisho mwaka 1827. Alikumbuka kwamba utotoni alikaa karibu na Anthony Clapp, mpiga fidla Mweusi wa eneo lile, akimsikiliza. Muziki wa densi wa Long Island ulibebwa kwa sehemu kubwa na watu kama yeye, na wachoraji wengi wa Marekani wa zama zile waliwachora watu Weusi kwa kuwadhihaki tu.

Mount hakuwa mtakatifu, na msimamo wake wa kisiasa kuhusu utumwa haupendezi. Lakini katika picha hii, na katika ile ya mpiga banjo ya mwaka 1856, anamchora fundi wa muziki kama fundi. Uso una akili na utulivu wa mtu anayeijua kazi yake. Picha ilichorwa ili kampuni ya Goupil ya Paris iichape na kuiuza Ulaya na Marekani, kwa hiyo mpiga fidla huyu wa mashoto alisafiri mbali. Sioni sababu ya kuushika upinde ule kwa mkono wa kushoto ila kwamba kulikuwa na mtu aliyepiga hivyo, na Mount alimwona.

Kwa nini watu wa mashoto ni wengi sana katika chapa za zamani?

Kwa sababu chapa hugeuza. Fundi anachonga mchoro kwenye bamba la shaba au ubao, anapaka wino, anakandamiza karatasi. Kilichokuwa kulia kinatokea kushoto, kama mhuri wa ofisini. Mchongaji makini aliugeuza mchoro kwanza, mara nyingi kwa kutazama kwenye kioo, ili chapa itoke sawa. Mwenye haraka, au mwenye kunakili kazi ya mwenzake auze kwa bei ya chini, aliiga alichokiona moja kwa moja, na luti yote ikahamia upande wa pili.

Matokeo yake picha moja inaweza kuzunguka Ulaya ikiwa na sura mbili: nakala ya kwanza imegeuka, nakala ya nakala imerudi. Ukimkuta mpiga luti wa mashoto katika chapa, itafute picha ya rangi iliyonakiliwa kabla ya kusema lolote.

Je, na mazulia ya ukutani?

Tatizo ni lilelile. Katika aina ya kitanda cha mfumi kinacholala, mfumaji hufuma akiwa upande wa nyuma wa zulia, na mchoro wa kuongozea uko chini ya nyuzi. Mbele inatoka imegeuka. Mfano mkubwa ni michoro ya mchoraji wa Italia Raphael kwa ajili ya kanisa la Sistine huko Vatikani, aliyoagizwa na Papa Leo wa Kumi mwaka 1515 na kufumwa Brussels. Michoro saba imesalia, iko Victoria and Albert Museum, London. Raphael aliichora akijua itageuzwa: anayepaswa kuonekana kwenye zulia akitumia mkono wa kulia, kwenye mchoro anatumia wa kushoto. Mmoja wa michoro hiyo una mvulana anayepuliza filimbi kando ya madhabahu, kwenye kafara ya Listra. Yeyote atakayemtazama mvulana huyo London bila kulikumbuka zulia atafikia uamuzi usio sahihi.

Mpuliza filimbi ameweka mkono wa kulia juu. Si huyo ni wa mashoto?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine, nalo linaniuma, kwa sababu linawafuta watu waliokuwa huru kuliko sisi.

Leo kila mwanafunzi wa filimbi, zumari za orkestra au klarineti anafundishwa mkono wa kushoto uwe juu, karibu na mdomo, na wa kulia chini. Lakini filimbi isiyo na vibonyezo ina matundu tu, na matundu hayachagui mkono. Katika karne ya 15 na 16 kila mmoja aliweka alivyozoea. Shida ilikuwa tundu la mwisho, la kidole kidogo, ambalo lazima liwe pembeni kidogo ili kidole kilifikie. Mafundi wa filimbi za wima walilitatua kwa kutoboa mawili, moja kila upande. Mpigaji aliziba kwa nta lile asilolihitaji. Sebastian Virdung analieleza jambo hili katika kitabu chake cha ala kilichochapwa Basel mwaka 1511, na Wafaransa waliita filimbi hiyo "ya matundu tisa" ingawa yanayotumika ni manane.

Ala ilipokuwa kubwa mno hata vidole visifike, ikawekewa kibonyezo cha shaba. Hapo pia mafundi walifikiria pande zote mbili: zumari kubwa za Ulaya zilikuwa na kibonyezo chenye mkia uliogawanyika kama wa samaki, ili kidole kidogo cha mkono wowote kikipate. Obo, yaani zumari za orkestra, za kwanza za Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 17, zilikuwa na vibonyezo viwili pacha, kimoja kila upande, kwa sababu hiyohiyo. Filimbi ya kulalia ya zama hizo ilikuwa na kipande cha mwisho kinachozungushwa, hivyo mwenye mazoea tofauti alikisogeza kibonyezo upande wake.

Kisha Jacques Hotteterre akatoa kitabu chake cha mafunzo ya filimbi mwaka 1707, akaelekeza mkono wa kushoto uwe juu. Walimu wengine wakashika njia hiyo, na katika karne ya 18 mafundi wakaacha kuweka kile kibonyezo pacha. Basuni, zumari ya sauti nene, iliamuliwa na kibonyezo kimoja kilichoongezwa kwa kidole gumba au kidole kidogo cha upande fulani. Kila kibonyezo kipya kilipunguza uhuru. Kufikia karne ya 19 ala za kupuliza zilikuwa na vibonyezo vingi kiasi kwamba kugeuza mikono kukawa jambo lisilowezekana bila kuagiza ala maalumu.

Kwa hiyo picha ya mwaka 1530 yenye mkono wa kulia juu inakuonyesha mazoea ya mtu, na haisemi lolote kuhusu mkono anaolia chakula.

Kinubi kimeegemea bega la kushoto. Je, huyo?

Huenda ni Mwayalandi. Katika kinubi cha kale cha Ayalandi na nyanda za juu za Uskoti, chenye nyuzi za chuma, desturi ilikuwa kuegemeza bega la kushoto, mkono wa kushoto ukacheza nyuzi nyembamba za juu na wa kulia nyuzi nene. Ndivyo walivyopiga wazee waliokusanyika Belfast mwaka 1792, ambako kijana Edward Bunting aliandika nyimbo zao. Kinubi cha orkestra ya leo kinaegemea bega la kulia. Ni desturi mbili, wala hakuna mashoto ndani yake.

Kwa nini malaika huonekana kama wamegawanywa nusu kwa nusu?

Kwa sababu ya mizani ya picha. Mchoraji wa madhabahu alitaka kundi la kushoto lijibu kundi la kulia. Karakana zilikuwa na njia rahisi: mchoro mkubwa wa karatasi unatobolewa matundu kufuata mistari, kisha unga wa mkaa unapigwa juu yake na alama zinabaki ukutani au kwenye ubao. Karatasi hiyohiyo ikigeuzwa, umepata malaika wa pili bila jasho, ila ana luti ya mashoto. Mchoraji wa Italia Perugino aliyarudia maumbo yake kiasi kwamba, kwa maelezo ya Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, wasanii wa Florence walimlaumu hadharani. Alijibu kwamba aliweka maumbo yaleyale waliyoyasifu zamani.

Vipi Misri na Ugiriki ya kale?

Wagiriki walikuwa na utaratibu imara kwenye vyungu vyao: kinubi chao cha kithara kinashikwa upande wa kushoto, mkono wa kushoto uko nyuma ya nyuzi, wa kulia una kipande cha kupigia. Misri ni ngumu zaidi. Mchoraji wa Misri alimchukulia mtu anayetazama kulia kuwa ndiye wa kawaida. Alipohitaji mtu anayetazama kushoto, mara nyingi alimgeuza mzima, na mikono ikabadilishana kazi. Kwa hiyo kabla hujatangaza kwamba mwanamuziki wa kaburini ni wa mashoto, angalia anatazama upande gani.

Mchoraji wa mashoto huchora wanamuziki wa mashoto?

Hapana. Leonardo da Vinci alikuwa wa mashoto. Mistari ya vivuli katika michoro yake inashuka kutoka kushoto juu kwenda kulia chini, alama ya mkono wake. Pia alikuwa mwanamuziki: Vasari anasimulia kwamba alikwenda Milan na ala ya fedha aliyoiunda mwenyewe kwa umbo la fuvu la farasi. Lakini "Picha ya Mwanamuziki" iliyoko Ambrosiana, Milan, inamwonyesha kijana aliyeshika karatasi ya noti tu.

Hatari kubwa zaidi ni mchoraji anayejichora akiwa na ala mbele ya kioo. Kioo kinamwonyesha mtu wa mkono wa kulia kana kwamba ni wa mashoto, na ni juu yake kurekebisha au kuacha.

Je, mkono wa kushoto ulimaanisha ushetani?

Wakati mwingine upande wa kushoto ulibeba maana. Katika Injili ya Mathayo 25:33 kondoo wanawekwa kuume na mbuzi kushoto, na picha za hukumu ya mwisho zinafuata mpango huo. Sisi wenyewe tumelelewa tukikatazwa kutoa au kupokea kwa kushoto. Hata hivyo, naomba wasomaji wasiwe wepesi wa kuona pepo kila penye upinde uliogeuka. Mifupa inayocheza na kupiga ngoma katika chapa za Ngoma ya Kifo, picha za Kifo akiwachukua watu, kwa mfano zile za Hans Holbein zilizotolewa Lyon mwaka 1538, imepita kwenye ubao na wino kama chapa nyingine yoyote.

Nina picha ya zamani ya kamera, babu anapiga banjo kwa mashoto. Niamini?

Ikiwa ni daguerreotype, aina iliyotangazwa Paris mwaka 1839, au picha ya bati iliyofuata, usiamini bado. Aina hizo mara nyingi zinatoka zimegeuka. Marekani iliamini kwa miaka mingi kwamba jambazi Billy the Kid alikuwa wa mashoto kwa sababu ya picha moja ya bati, mpaka watu walipoona kwamba tundu la kuingizia risasi kwenye bunduki yake ya Winchester liko upande usio wake. Kwenye banjo, tafuta uzi mfupi wa tano na uone kigingi chake kiko upande gani wa shingo.

Ni dalili gani nyingine zinazoonyesha kwamba picha imegeuzwa?

Upanga kwanza: mtu wa mkono wa kulia huuvaa kiunoni upande wa kushoto. Kisha vifungo vya nguo za wanaume, maandishi, saa, mkono wa kubariki. Katika kikundi cha wapigaji, wakiwa wote wa mashoto, picha ndiyo iliyogeuka. Akiwa mmoja tu kati ya watano, anza kumchukulia kwa uzito. Kwa luti na gitaa, tafuta nyuzi nene ziko wapi. Picha za intaneti nazo hugeuzwa ovyo na wachapishaji, kwa hiyo linganisha na tovuti ya makumbusho yenyewe.

Kwa nini wapiga fidla wa mashoto ni adimu kuliko wapiga gitaa?

Gitaa la zamani lina pande zinazofanana, kuhamisha nyuzi kunatosha kwa kiasi kikubwa. Fidla haiko hivyo ndani. Chini ya nyuzi nene kuna ubao mrefu uliogundishwa kwenye uso wa fidla, na karibu na uzi mwembamba kuna kijiti kinachosimama kati ya uso na mgongo. Ukizipindua nyuzi, sauti inakosa nguzo zake mpaka fundi afungue fidla na kuvihamisha. Halafu kuna suala la kukaa wengi pamoja: upinde mmoja unaokwenda kinyume katikati ya safu unagonga wa jirani. Rudolf Kolisch wa Vienna, aliyeumia kidole cha mkono wa kushoto utotoni, alijifunza kuvuta upinde kwa kushoto na akaongoza kundi la wapigaji wanne lililoheshimiwa sana katika karne ya 20. Wanne wanaweza kupanga viti vyao. Mpiga densi wa kijijini, kama yule wa Mount, alikaa peke yake pembeni ya sakafu, na hakukuwa na jirani wa kumgonga.